Tangi Lilipopasuka, Babu Akapatikana

Tangi la maji ya moto lililokuwa darini kwa mama mkwe wangu lilipasuka usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, nyumba ikiwa imefurika wageni. Ukoo wa mume wangu hukutana kila Pasaka mjini Bendigo, jimbo la Victoria, Australia, na mimi niliyetoka Tanga nikaolewa huko nilikwisha kuzoea desturi yake: magodoro sebuleni, watoto wamelala mzungu wa nne, friza imejaa samaki na mapaja ya kondoo.

Maji yalishuka kwa kishindo pamoja na kipande cha dari, yakalilowesha kabati la ukumbini. Chini ya kabati kulikuwa na sanduku la bati ambalo Mama hakupenda liguswe. Mume wangu alipolivuta na kulifungua, tukakuta karatasi zimelowa chapachapa, zimegandamana.

"Zitupeni," Mama akasema. "Ni makaratasi ya zamani tu." Lakini hakuondoka. Alisimama pale na gauni lake la kulalia, macho yamemganda sandukuni.

Shemeji yangu anayefanya kazi maktaba alitupigia kelele tusithubutu kuzibandua zikiwa mbichi, zitachanika. Zitiwe kwenye mifuko, zigandishwe, kisha ziyeyushwe chache chache na kukaushwa. Basi friza ikatolewa kila kitu. Siku yenyewe ni Ijumaa Kuu, nyumba ya Wakatoliki, na mapaja ya kondoo yameanza kuchuruzika mezani wala hakuna wa kuyala. Watoto wakatumwa nyumba hadi nyumba kuomba nafasi kwa majirani. Samaki wote wakapikwa kwa mpigo, mtaa mzima ukala kwetu. Wifi yangu mkubwa, aliyekuwa amepanga mapishi ya siku zote za sikukuu, alinung'unika tangu asubuhi hadi jioni.

Karatasi zilizopata unyevu kidogo tulizitandaza juu ya mataulo kando ya feni. Katika kuzigeuza, mume wangu akashika cheti cha kifo cha mwaka 1898. Akaanza kukisoma kwa sauti, kisha sauti ikapungua.

Ukoo ule umekua ukiambiwa kwamba mwanzilishi wake, babu wa baba yake Mama, alikuwa baharia wa Kihispania. Cheti kilisema vingine. Alizaliwa Canton, China. Kazi: mkulima wa mboga. Mke: mzaliwa wa Ireland. Muda aliokaa katika makoloni: South Australia mwezi mmoja, Victoria miaka 41. Amezikwa White Hills.

"Hiyo ni karatasi ya mtu mwingine," wifi akasema. Lakini majina ya watoto yalikuwa yameorodheshwa pale chini, na la babu yake Mama lilikuwemo.

Mimi nilivutwa na ule mwezi mmoja. Dhahabu ya Victoria ilivuma mwaka 1851, na maelfu ya vijana wa Guangdong, jimbo ulimo mji wa Canton, wakaifuata, wengi wao kwa nauli ya mkopo. Mwaka 1855 Victoria ikatunga sheria: kila Mchina atakayeshuka bandarini atozwe pauni 10, na meli isibebe zaidi ya Mchina mmoja kwa kila tani 10. Manahodha wakatafuta mlango mwingine. Wakawashusha Robe, pwani ya South Australia, na kutoka hapo wakatembea zaidi ya kilomita 400 hadi machimboni, mizegazega mabegani. Zaidi ya watu 15,000 walipita njia hiyo, wengi wao mwaka 1857. Toa miaka 41 katika 1898, unamwona babu huyu akiwa miongoni mwao. Serikali ya Victoria iliomba radhi kwa sheria zile mwaka 2017, baada ya wazao wa wasafiri wale kutembea tena kutoka Robe hadi Melbourne.

Nilipomaliza kueleza hayo, Mama akaketi. "Baba alinifundisha," alisema. "Nikiulizwa, niseme Mhispania." Baba yake alikulia chini ya sheria ya mwaka 1901 iliyokusudia Australia iwe ya weupe, ambapo hata Mchina aliyezaliwa Victoria, akitaka kusafiri na kurudi, aliacha picha na alama za mkono wake kwa maofisa. Wahenga wetu husema mwacha asili ni mtumwa. Mimi siwezi kumtupia methali hiyo mzee yule. Alikuwa akiwakinga watoto wake. Na Mama, kwa maneno yake yote ya kutupa, alikuwa amelitunza sanduku lile tangu ujana wake.

Jumamosi tukaenda White Hills, kwenye sehemu ya makaburi ya Wachina. Jina la kwenye cheti halikutufaa kitu, kwa maana makarani wa enzi ile walishika neno la kuitia mtu kwa mazoea, "Ah", wakaliandika kama jina la ukoo. Mzee mmoja wa Bendigo anayesoma Kichina akatuelekeza tutafute tarehe: mwaka 1898 ni mwaka wa 24 wa utawala wa Guangxu, mfalme wa China. Watoto wakagawana safu, wifi akiwa wa mwisho kushuka garini na wa kwanza kuita. Mwaka ni wenyewe, na mwezi uliwiana na wa cheti. Jiwe lilitaja wilaya ya Xinning, ambayo tangu 1914 inaitwa Taishan, kisha kijiji, kisha jina lake kamili. Wifi alipiga magoti akang'oa majani kwa mikono, asikubali kusaidiwa.

Sasa tunaandika barua kijijini kuuliza kama kitabu cha nasaba cha ukoo kimesalia. Vitabu hivyo kwa desturi viliandika wana wa kiume, na mume wangu alianza orodha kwa mtindo huo. Mama akamnyang'anya kalamu. Amemweka mke wa Ireland juu kabisa, kando ya mumewe. Mabinti wote wamo, wakwe tumo, na wanangu wamo kwa majina yao ya Kitanga. Wakitaka kutuandika, alisema, watuandike sote.