Shika Chai kwa Mikono Miwili

Kabla hujamwita mtoto, chemsha chai. Mimina kikombe kimoja, kijae hadi ukingoni, ukishike kwa mikono yote miwili. Hicho ndicho kifaa cha kwanza cha mwongozo huu, na ni chako wewe mzazi. Vya mtoto viko uani tayari.

Tuanze na mpira, maana hapa Uganda, Jinja wala Mbale, mgomba hautafutwi. Chukua maganda makavu yanayoning'inia shinani, yale tunayoyaita byayi. Yanyunyizie maji kidogo yasikatike ovyo, kisha mwachie mtoto. Atafumbata majani makavu yawe kiini, ayazungushie kamba, ageuze, azungushe tena. Mtazame vidole. Mkono mmoja umebana, mwingine unavuta. Kidole gumba na cha shahada vinasukuma ncha ya kamba ipite chini ya nyingine. Ndivyo vidole vitakavyoshika penseli, na hapa vinapata nguvu bila mtu kuvilazimisha kunakili herufi.

Alasiri moja Mbale, mvua imetoka kukatika na mlima Wanale umejifunika ukungu, binti yangu wa miaka minne alinitolea mpira wenye umbo la kiazi. Nikaupokea kwa upendo wote, nikaufumua, nikausuka upya ukawa mviringo safi. Akautazama. "Huu wako, mama," akasema, akarudi mgombani kutafuta maganda ya kusuka wake. Tangu siku ile nashika chai.

Na ule wa kiazi ndio mpira bora, niamini. Ukidunda unaruka usikotarajia, watoto wanaufukuza huku na huku mpaka wachoke wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 3 au 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, 60 kati yazo ziwe za kuhema, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Dakika 180 zinatisha ukizisoma. Mpe mpira wa kiazi asubuhi, umwambie asaidie kuleta kuni, umwache acheze kwepena jioni, utakuta zimetimia.

Kwepena haihitaji maelezo kwa anayejua kukwepa. Wawili wanasimama huku na kule wanarusha, wa katikati anakwepa. Kwa wadogo punguza umbali wa kurusha na utumie mpira mwepesi wa matambara. Usihesabu pointi. Mtoto wa miaka mitatu akiguswa na mpira hucheka tu na kubaki katikati, na abaki; anayejifunza kusoma mkono wa mrushaji na kuhamisha uzito wa mwili kabla mpira haujafika hana haja ya kutolewa nje.

Wakichoka, chimbeni mweso chini ya mti. Mweso kamili una mashimo 32 na kete 64, sawa na binamu yake, bao la Zanzibar, lakini mtoto wa miaka minne mashimo manane yanamtosha. Mpe mbegu au kokoto, agawe moja moja kila shimo. Hapo ndipo utamsikia akihesabu "moja, mbili, tatu" huku kila neno likiangukia kokoto yake, na huko ndiko kuhesabu kwa kweli. (Kwa aliye chini ya miaka mitatu ficha kokoto na vizibo vya soda, bado anajifunza dunia kwa mdomo.)

Ngoma? Jerikeni tupu, ipinduliwe, na vijiti viwili. Mbale hutahitaji kumfundisha mdundo. Mwaka wa namba shufwa, msimu wa imbalu, tohara ya jando, ukifunguliwa katika uwanja wa Mutoto mwezi Agosti, ngoma ya kadodi inapita mitaani na watoto wanarudi nyumbani nayo mabegani. Waache wapige, wacheze, waite majirani. Kelele hiyo ina kazi: mkono wa kulia unajifunza kuusubiri wa kushoto.

Gari nalo ni boksi, vijiti viwili, na magurudumu yaliyokatwa kwenye sapatu zilizochakaa. Kukata na kutoboa ni kazi yako. Kwa dakika hizo tu kikombe kiwe mezani. Kupanga magurudumu ni kazi yake. Akiweka matatu upande mmoja na moja upande wa pili, nyamaza. Gari litapinda, atainama, atalichungulia chini, atalipindua. Ile dakika ya kuchungulia ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na mtu mzima mwenye haraka anaweza kuimaliza kwa neno moja.

Udongo wa kufinyanga uchote uani, si ukingoni mwa maji. Jinja ziwa na Nile viko karibu mno, na maji ya kandokando ya ziwa yana kichocho. Mbale nako tunakumbuka mwisho wa Julai 2022, jinsi mito ya Nabuyonga na Namatala ilivyofurika. Beseni moja la maji linatosha kukanda ng'ombe, sufuria na bibi wa udongo mwenye kichwa kikubwa.

Nautetea mchezo huu wa uani kwa sababu nimeona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2022. Katika miezi ile yote ua ulikuwa ndiyo shule pekee ya wadogo wetu, na wenye mtu wa kuwaruhusu wachafuke walijifunza mengi humo.

Sasa chai imepoa, wameanza kwepena upya, na wanagombania nani arushe. Wamepungukiwa mtu mmoja. Wakikuita uingie katikati, weka kikombe chini.