Hotuba Kuu ya Sayansi ya Sketi, Iliyotolewa Pinga na Mimi Mwenyewe

Waheshimiwa wamama, wababa, vijana wa pikipiki mliozima injini kwa heshima yangu, na wewe mtoto unayetafuna muhogo mstari wa mbele: kaeni. Asiye na kiti asimame kwa adabu. Mbele yenu ni Profesa wa Sketi. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Vyuo vilichelewa, nami nikajitunuku ili elimu isikwame njiani.

Mtauliza kwa nini sikwenda Goma. Nimechagua Pinga kwa sababu hapa, Masisi na Walikale zinapopakana, sketi haibembelezwi. Asubuhi inapanda pikipiki, mchana inavuka matope, jioni inasimama jikoni kwenye sombe na mawese, na Jumapili inatakiwa kanisani kana kwamba haijawahi kuona hata kimoja kati ya hivyo. Tena kuna siku, mnazijua kuliko mimi, ambazo bunduki zinalia na mtu anakimbia na alichovaa. Siku hizo sketi ya kubana ni adui wa pili.

Sasa historia, msiondoke bila kuijua. Kikwembe mnachokiita chetu kiliigwa na Waholanzi kutoka batiki za Java. Kampuni yao ya Vlisco ilianza mjini Helmond mwaka 1846, nguo zikapata wapenzi Afrika, kisha Wachina wakaja kuwaiga walioiga. Baada ya Mobutu kuigeuza Kongo kuwa Zaire mwaka 1971, suti na tai za wababa zilipigwa marufuku, na suruali za wamama pia. Kikwembe kikashinda bila kufanya kampeni, kama ilivyokuwa desturi ya ushindi wa enzi hizo.

Huko Paris, mwaka 1947, Christian Dior aliishangaza dunia kwa sketi pana zilizomeza mayadi ya kitambaa wakati Ulaya ingali kwenye mgao wa vita. Nampongeza. Lakini Dior hakuwahi kubebwa kwa pikipiki kutoka Mweso msimu wa mvua, kwa hiyo elimu yake naihesabu kuwa ya nusu.

Tuingie kwenye hesabu. Wenye moyo mdogo watoke nje.

Sketi pana ninazozihesabu leo ni mbili: ya duara zima na ya nusu duara. Ya duara zima inapendeza mno ukizunguka, ila inakula kitambaa kingi na pindo lake hupenda kuonja mnyororo wa pikipiki. Mimi, baada ya tafakuri nzito, nimeidhinisha ya nusu duara. Inatoka kwenye yadi 2 tu, yaani theluthi ya kikwembe cha yadi 6.

Kwanza fua kitambaa, kikauke, kipige pasi ya makala, ndipo upime. Kikinywea, punguza urefu wa sketi, usithubutu kupunguza kiuno. Tuseme kiuno ni sentimita 88. Archimedes wa Syracuse, mzee ambaye hakushona hata leso, alituachia 22 kwa 7. Zidisha 88 kwa 7, gawanya kwa 22: unapata 28. Funga chaki kwenye kamba, shikilia ncha ya pili katikati ya ukingo mrefu, chora tao la sentimita 28: hicho ni kiuno. Palepale, bila kuhamisha kidole, chora tao la pili la sentimita 91: hilo ni pindo. Yadi 2 ni kama sentimita 183, na 91 mara mbili ni 182. Makofi, tafadhali.

Mshono wa kiuno utakula sentimita 1, kwa hiyo kiuno kitapanuka kwa kama sentimita 3. Usilie. Mshono mmoja wa nyuma utazila hizo 3. Pindo likichukua 2, unabaki na sketi ya sentimita 60, inayoishia mbali na matope. Juu ya mshono wa nyuma acha wazi shubiri moja. Zipu si lazima. Kwenye ukanda wa kitambaa uliobaki pembeni, kata mshipi wa kiuno wenye kamba ndefu za kufunga: mama akinenepa, akikonda, akibeba mimba au akimwazima mdogo wake, sketi haina neno. Kile kipande kidogo kilichokatwa kiunoni kigawe mara mbili, upate mifuko miwili. Pesa za soko zikae mfukoni, zisifungwe kwenye ncha ya kitambaa.

Kabla ya kukunja pindo, itundike sketi usiku mzima. Kwenye nyonga kitambaa kimekaa mshazari, kitashuka chenyewe. Anayeharakisha pindo ataonekana Jumapili anachechemea hali miguu ni mizima. Na mkichagua kitambaa cha maua, chagueni. Mkichagua cha ndege, mjue kwamba mbele watasimama wima, na nyuma watalala ubavu. Hilo si kosa la fundi, ni jiometri.

Kuhusu mavazi: kanisani ivae na libaya ya kitambaa kilekile; sokoni, na fulana; shambani, funga kikwembe kikuukuu juu yake. Ukiipandisha hadi kifuani na kukaza kamba, imekuwa gauni fupi la nyumbani. Ukiwa na mtoto mgongoni, haizuii hatua.

Nani anacheka? Wewe mama wa pale nyuma, kwenye mashini ya miguu. Simama. Ni nini hicho mkononi mwako? Sketi? Ya nusu duara? Umeikata saa ngapi?

Eti alizungusha kamba kiunoni, akaikunja sehemu tatu sawa, akatoa upana wa kidole kimoja, akakata. Hakuzidisha, hakugawanya, wala jina la Archimedes hakulitaja. Hebu leteni meta. Ishirini na... ishirini na nane.

Wamama, tulieni. Acheni vigelegele. Mnasema bibi yake ndiye aliyemfundisha, na kwamba nyote mnakata hivyo. Nimesikia. Lakini sayansi ina utaratibu: hotuba hutangulia, sketi hufuata. Hii imetangulia, kwa hiyo kisheria bado haijashonwa. Naiandika kuwa jaribio la kwanza la mbinu yangu, na mama huyu namteua msaidizi wa Profesa, bila mshahara, kuanzia leo.

Anasema kushona ni kwa pesa, na kwamba maprofesa hulipa kabla ya kupimwa. Kikao kimeahirishwa.