Barua kwa Mwenye Nyumba Mstaafu

Kwa Serikali ya Jamhuri ya Msumbiji,
Maputo.

YAH: PAA LINALOVUJA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Palma, kwenye chumba cha uani chenye bati la zamani. Najua malalamiko ya paa hupelekwa kwa mwenye nyumba, na kwa mwenye nyumba nimeshakwenda. Alinisikiliza vizuri, akasema maji ni ya Mungu, na bati ni juu ya yule anayelala chini yake. Basi nimeona nikuandikie wewe, maana kazi ya upangishaji uliwahi kuifanya kwa ukubwa ambao hakuna mzee wa Palma anayeweza kuufikia, na nahisi wengi wao walijifunza kwako.

Tarehe 3 Februari 1976, Rais Samora Machel alitangaza kwamba nyumba zote za kupangisha ni mali ya taifa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu: mabepari waliondolewa kwenye kodi, na familia nyingi zikaingia kwenye nyumba ambazo zamani walizijua kwa kuzifagia tu. Ukaunda idara ya APIE ikusimamie mali hiyo, kodi zikawa nafuu. Lakini waliokaa kwenye maghorofa hayo ya Maputo na Beira watakwambia habari za mabomba, za lifti, na za maji ya choo cha jirani wa juu yaliyokuwa yakishuka ukutani bila ya hodi. Mwaka 1991 ukapitisha sheria namba 5 ya kuwauzia wapangaji nyumba zile. Ilikuwa hekima kubwa: siku ile mpangaji alipopewa karatasi ya umiliki, uvujaji wote wa miaka kumi na mitano nao ukawa wake kihalali. Ukastaafu.

Usidhani nakuonea. Pwani hii haijawahi kupata mwenye nyumba anayepanda juu ya paa. Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendera na forodha hapa Tungue mpaka Wareno walipomnyang'anya mwaka 1887. Kisha tukakabidhiwa kwa Companhia do Niassa, kampuni iliyotoza kodi ya kibanda mpaka 1929, na sijasikia mzee hata mmoja akisimulia kwamba kampuni ile ilileta kuti moja kuziba kibanda ilichokitoza. Wenzetu wa Quionga walipata na Wajerumani juu yake, kuanzia 1894 hadi 1916. Wote walikuja kuhesabu milango.

Sasa nirudi chumbani. Fundi aliyeezeka alipigilia misumari kwenye mabonde ya bati badala ya migongo, kwa hiyo maji yote yanayoteremka yanapita juu ya kila kichwa cha msumari. Chumvi ya bahari imekula misumari, tundu zimepanuka. Aliyekaa kabla yangu alizibandika vipande vya mfuko wa saruji vilivyopakwa lami. Jua la Oktoba limevikunja. Gata hakuna. Maji ya paa yanaanguka palepale kwenye mguu wa ukuta, udongo unamong'onyoka, na upande wa kusini fito zimetokeza kama mbavu. Godoro nimelihamishia mlangoni, unga umepanda juu ya kabati. Mzee akija kuchukua kodi siku ya mvua hukunja suruali na kushika viatu mkononi, kisha huniuliza kwa upole mbona nimeiacha sakafu ilowe.

Nikaenda kuuliza sheria inasemaje, nikaambiwa ipo, tena nzuri. Ni Código Civil ya Ureno ya mwaka 1966, iliyoletwa huku mwaka uliofuata, nawe ukairithi pamoja na majengo. Kijana mmoja anayesoma Kireno alinifungulia kitabu. Kifungu cha 1031 kinasema mwenye nyumba lazima ahakikishe mpangaji anaifaidi nyumba kwa kazi iliyopangishiwa, nami nilipanga kwa kazi ya kulala. Cha 1036 kinasema matengenezo yasiyoweza kungoja mpangaji anaweza kuyafanya mwenyewe na kurudishiwa gharama, mradi amwarifu mwenye nyumba. Cha 1040 kinaruhusu kodi ipunguzwe iwapo nyumba haikaliki sawasawa bila ya kosa la mpangaji. Nilifurahi, Mheshimiwa. Nilitaka nikubusu mkono.

Kijana akaendelea kusoma, akafika 1043. Hapo imeandikwa kwamba mpangaji atairudisha nyumba katika hali aliyoipokea, na kama hakuna maandishi yanayoeleza hali hiyo, itachukuliwa kwamba aliipokea nzima. Kwa Lisbon sina neno, huko huenda watu huandikiana. Hapa Palma tulipeana mikono barazani, tukasoma Fatiha, nikalipa miezi kadhaa mbele, ufunguo nikapewa. Maana yake mbele ya kitabu chako bati langu ni jipya, misumari iko mgongoni, ukuta umesimama wima. Tundu zote nimezileta mimi, labda ndani ya begi.

Zaidi ya hayo kuna vimbunga. Kenneth alitua pwani hii tarehe 25 Aprili 2019, akaivunja Ibo, akaisambaratisha Macomia, na mvua zake zikafurika mitaa ya Pemba. Hilo ni janga la kweli, na mwenye nyumba aliyepoteza paa siku ile namwonea huruma, kwa sababu naye hana bima wala wa kumkopesha. Lakini tangu hapo Kenneth amepewa kazi nyingi. Misumari iliyooza kabla ya 2019 nayo imeandikwa kwa jina lake. Desemba 2024 Chido alipotua Mecúfi, kusini ya Pemba, mbali kabisa na sisi, mzee wangu alimwongeza kwenye orodha kesho yake.

Hata udhuru huu wa majanga nadhani amejifunza kwa wakubwa. Baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, kampuni ya TotalEnergies ilitangaza rasmi kwamba imezuiwa na nguvu isiyo katika uwezo wake, ikasimamisha mradi wa gesi wa Afungi kwa zaidi ya miaka minne. Walikuwa na wanasheria, na hakuna aliyewaambia mradi ulikuwa mzima walipoupokea. Sisi wapangaji tuliokimbia shambulio lilelile, wengine kwa miguu, wengine kwa mashua, tulikuwa tumeshalipa miezi ya mbele. Tuliorudi tulikuta mvua za misimu kadhaa zimeingia kwenye nyumba zisizo na mtu wa kuweka ndoo. Kifungu cha 1044 kinamwondolea mpangaji dhima ya uharibifu ambao chanzo chake si yeye. Mwenye nyumba akasema vizuri, lakini wewe ndiye uliyeondoka bila ya kuaga.

Utaniambia niende mahakamani. Hakimu ni wa mbali, kesi ni kwa Kireno, na nauli ya kwenda inatosha kununua mabati mawili. Mimi ningeridhika na mahakama za jamii, zile ulizoziunda kwa sheria namba 4 ya mwaka 1992, ambako wazee huamua kwa haki na akili ya kawaida. Lakini nao watauliza swali lilelile: nyumba ilikuwaje siku ya kwanza? Mimi nitasema ilivuja, mzee atasema haikuvuja, na wote wawili tutaapa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sikuombi bati. Kwa historia yetu, kukuomba bati ni kukutia aibu bure. Naomba karatasi. Nusu ukurasa unatosha: paa likoje, kuta zikoje, nani atanunua misumari, nani atamlipa fundi, na siku ngapi baada ya taarifa. Iwe kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili pamoja na hicho Kireno chako. Ijazwe mbele ya katibu wa bairo, yaani mtaa, kabla ya ufunguo kutolewa, nakala tatu, bila ya malipo. Ukitia na muhuri, mpangaji na mwenye nyumba wote watakuwa na kitu cha kushika, na 1043 itafanya kazi kwa pande zote mbili.

Mvua zinaanza Desemba. Tafadhali karatasi hizo ziwe zimefika kwenye ofisi za bairo za Palma, Mocímboa da Praia na Macomia kabla ya hapo.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa uani, Palma