Piga Tu, Ila Subiri Kidogo

Creuse, katikati ya Ufaransa, ni mkoa usio na haraka. Wakazi wake wote, kama 115,000 hivi, wangeenea Uwanja wa Mkapa kwa mechi mbili za watani. Nilikwenda huko na kamera kupiga picha za maisha ya kila siku. Kazi ni kuyanasa.

Saa sita mchana duka linafungwa mpaka saa nane. Barabarani tulibaki mimi na paka, na paka mwenyewe alikuwa na kwao. Mapazia tu ndiyo yaliyotikisika.

Kijiji kisicho na duka la mikate huletewa mkate kwa gari, nalo hupiga honi kama daladala linalotafuta abiria. Nilimwinulia dereva mkono asimame kidogo, nipate mwanga mzuri. Akasimama, akafungua ubavu wa gari, akanikabidhi mikate miwili mirefu. Wateja wakajipanga foleni nyuma yangu. Foleni tamu ya picha, jamani, na mimi mikono yote imejaa mkate!

Ng'ombe wa Limousin, wale wa rangi ya hudhurungi, walinipa ushirikiano kuliko binadamu. Kifungu cha 9 cha sheria ya kiraia ya Ufaransa kinalinda maisha ya faragha ya kila mtu, ng'ombe hakutajwa. Nilichuchumaa kando ya uzio. Kwamba waya ule una umeme, niliarifiwa na goti langu. Mmoja akasogea, kundi zima likamfuata, na kabla sijarekebisha lenzi alikwisha kuilamba, pamoja na mkono wa shati mpaka begani. Nina picha nyingi sana za pua.

Raymond Depardon, mpiga picha na mwongozaji filamu Mfaransa, mtoto wa shambani, alirudi miaka na miaka kwa wakulima walewale wa milimani, na filamu ya kwanza ya mfululizo wake wa Profils paysans ikatoka 2001. Mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi Jumapili.

Jioni nikamwona bibi mmoja mlangoni kwake akimenya viazi, aproni ya maua, vidole vina udongo. Hii sasa ndiyo picha! Nikatanguliza bonjour, maana huko asiyesalimu hajafika, kisha nikaomba ruhusa.

"Piga tu, mwanangu," akasema, "ila subiri kidogo."

Akaingia ndani. Nikasubiri mpaka mwanga ukaanza kuniaga. Alipotoka alikuwa na koti la kanisani, bruchi kifuani na rangi ya midomo. Viazi akavisukuma nyuma ya mlango kwa mguu. Akasimama wima, mikono ubavuni, hacheki. Mama yangu kule Tanga angefanya vilevile, na angetoa na kiti cha sebuleni.

Nilipomaliza, akachomoa simu mfukoni: zamu yangu, amtumie mwanawe aliye Paris. Nikasimama, nikatabasamu. Akanitazama juu mpaka chini, akaishusha simu.

"Bomba liko kule nyuma," akasema. "Nenda kwanza ukanawe."