Kabla Hujachapa Kadi, Muulize Nahodha

Ukitaka kuoa Kigoma, tarehe ya harusi utaipeleka kwa shehe au kwa padri, kwa mwenye ukumbi, kwa mama mzazi wa binti, na siku hizi hata kwa mpiga picha, ambaye wiki nzima ana shughuli Kasulu. Wote watakukubalia. Utachapa kadi, utashona suti, utaanza kutembea barabarani kwa hatua za mtu mwenye jambo lake. Kisha atatokea mvuvi mmoja mwenye kandambili, ataishika kadi mbali na macho, ataisoma mpaka chini, halafu atauliza taratibu: "Hivi siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?" Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

Mimi ni katibu wa kamati za harusi. Sikuomba cheo hiki. Nilionekana na kalamu kwenye kikao cha binamu yangu pale Mwanga, basi. Tangu hapo kila ukoo unaooa au kuoza unanikumbuka, kuanzia Gungu hadi Ujiji. Kwa hiyo naona nina haki ya kuwashauri mabwana na mabibi harusi watarajiwa, hasa ninyi mnaopanga mambo yenu kwa kuiga Dar es Salaam. Dar hawana mwezi. Wana Luku.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola. Giza likiwa totoro, dagaa huifuata taa. Mbalamwezi ikitoka wanatawanyika, taa inakuwa pambo tu, na wavuvi wanapandisha mitumbwi mchangani, wanashona nyavu mpaka mwezi upungue. Mtoto wa Kibirizi analijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini mchukue mtoto huyohuyo akishakua, mpe uenyekiti wa kamati ya harusi na chupa ya maji ya kunywa, ataweka sherehe mwezi kumi na nne kamili na kupitisha bajeti kwa makofi.

Sasa sikilizeni yanayofuata. Mbalamwezi wavuvi wote wapo nyumbani. Wameoga, wamepiga pasi, wana njaa, na hawana senti. Kadi ya wawili inaingiza watano, wa tano akiwa ni jirani aliyesikia muziki. Mwenye mtumbwi aliyeahidi laki mbili anakupa mkono wa pongezi mrefu, wa moto, usio na kitu ndani. Mkisema basi, tuihamishie gizani, pesa mtaziona kweli: wavuvi wanauza, kina mama waanikaji wanauza, wachuuzi wanafunga magunia ya Dar, na simu ya mweka hazina inalia mpaka anaanza kujibu kwa sauti ya mkurugenzi wa benki. Ila usiku wa sherehe ukumbi umejaa viti. Wanaume wako ziwani. Kina mama wanatazama saa, maana alfajiri mzigo unashuka mwaloni na hakuna dagaa anayemsubiri mtu aliyekesha kwenye rusha roho. MC anapiga kelele "Vigelegele!" na anajibiwa na jenereta.

Giza lina pesa halina wageni. Mbalamwezi ina wageni haina pesa. Jambo hili tulilijadili kikao kizima, soda zikaisha, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akafumbua jicho na kusema: "Michango kusanyeni gizani, ndoa fungeni mbalamwezi." Nimeandika maazimio mengi katika maisha yangu, na hilo ndilo pekee ninaloweza kulitetea mbele ya watu. Tatizo lililobaki ni dogo. Kati ya giza na mbalamwezi kuna kama wiki mbili hivi, na muda huo wote fedha zinalala kwa mweka hazina. Mmoja wetu aliona zinalala bure, akazipeleka ziwani zikavue. Zilirudi, tena na faida kidogo, ila zilirudi harusi ikiwa imekwishaliwa kwa mkopo.

Ujiji wana hesabu ya ziada, maana shehe na nahodha wanautazama mwezi uleule kila mtu kwa shida zake. Ramadhani hakuna sherehe, kwa hiyo Shaaban watu wanaoana kama vile ndoa zinapigwa marufuku kesho yake. Ikifika mbalamwezi ya Shaaban kila mtaa una turubai. Hapo ndipo lilipotokea suala la kitenge.

Mwenye duka alikuwa ameapa kwamba kitenge kile kimevuka ziwa kutoka Kongo kwa ajili yetu peke yetu, kwamba hata kiwandani mashine imeshazimwa. Tukashona sare ukoo mzima. Siku ya siku, mtaa wa pili kulikuwa na harusi nyingine, sare ileile, mpaka lile ua la bluu. Shangazi yetu mmoja aliteremka kwenye bodaboda akitokea Kasulu, akakifuata kitenge. Alipokewa vizuri. Alikula, akacheza, akatuza, akakabidhi seti ya masufuria, kisha akaomba kipaza sauti atoe nasaha. Akamwambia bibi harusi asihofu, mume huyu anakoroma tangu utotoni, na lile deni la pikipiki ukoo utamsaidia kulilipa. Akamtaja kwa jina. Halikuwa jina la mume wa pale.

Tulimpata baada ya isha, ameketi katikati ya kina mama waliokuwa wakimhoji kuhusu hilo deni. Masufuria hatukuyapata, yalikuwa yameshaingizwa ndani. Nilijaribu kutafuta msaada wa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa ajili ya ndoa ambayo mwishowe haikufungwa. Kuhusu ndoa iliyofungwa vizuri kabisa, ila si yenu, haisemi kitu.

Mwaka 2024 hata elimu yetu ya mwezi haikusaidia. Ziwa lilifungwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15, wavuvi wapumzike na samaki wazaliane. Kuna ukoo wa Bangwe uliokuwa umewaahidi wakwe wa Tabora kwamba Julai watakula kuhe na migebuka mpaka wakimbie wenyewe. Mwenyekiti wa kamati ndogo ya chakula alisimama, akavua kofia, akasema: "Ndugu wajumbe, samaki wamepewa fungate ya miezi mitatu. Bwana harusi wetu, mwajiri wake amempa mpaka Jumatano." Tulipika mbuzi. Wakwe walikula kwa adabu, wakashukuru, na mama mmoja akasema kwa upole wenye miiba kwamba mbuzi hata Tabora wapo, tena hawana nauli.

Kuhusu rangi ya harusi sitaki kubishana na mtu. Bibi harusi atakuja na simu, atakuonyesha picha, atasema nyeupe na dhahabu. Mimi naandika nyeupe na dhahabu. Lakini Kigoma rangi ya harusi ni mawese. Jikoni kuna sufuria ambalo mtu mzima anaweza kuogea, maharage yanachemka humo yakiwa mekundu, na anayeyapika ni mama mdogo wa bibi harusi, mtu aliyemlea tangu anatambaa. Gari linasimama, binti anashuka, mama mdogo anatoka mbio na machozi yake, anamkumbatia. Gauni ni la kukodi. Vidole kumi, vimepangika mgongoni, rangi ya chungwa.

Walijaribu sabuni ya mche, wakajaribu chumvi, mtu akaleta unga wa muhogo, doa likazidi kuenea. Bibi harusi akaanza kulia, mama mdogo naye akalia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka ikabidi bibi harusi ambembeleze. Mpiga picha, kijana mwenye akili, akaamua kupiga mbele tu. Albamu ile ninayo nakala yake. Binti humwoni mahali popote akiondoka. Kutwa nzima anakuja tu. Kwa hiyo, mwanangu, kawasalimie wa jikoni siku moja kabla, ukiwa na khanga.

Wageni wa Dar waambieni sherehe ni Alhamisi hata kama ni Jumamosi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na tunaishukuru, lakini mvua za Kilosa zikishaikata, mjomba mwenye zawadi ya friji anakaa njiani akituma ujumbe wa kutia moyo. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 kwa miguu, akafika Ujiji Novemba, na bado alimkuta aliyemfuata. Wajomba zetu wanakuta masufuria yameanikwa, na wanauliza kama kuna ukoko.

Mengine yapiteni haraka. Keki isiwekwe karibu na dirisha la ziwa. MC apewe majina ya wazee yameandikwa kwa herufi kubwa, na aelezwe ni yupi amekwishafariki. Ila nasaha, tafadhali, chagueni msemaji mapema. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandarini, alipewa kipaza sauti akaanza na MV Liemba: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa hapa kwa vipande, ikaunganishwa, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. "1916," akasema akimtazama bwana harusi, "ikazamishwa." Mama mzazi wa binti akaweka glasi chini. Mzee akaendelea bila haraka: imelala chini ya maji mpaka 1924, ikaopolewa, 1927 ikarudi kazini na jina jipya, na injini ilikuwa imepakwa grisi vizuri na Wajerumani kabla hawajaizamisha. "Mnanielewa?" Hakuna aliyemwelewa. Bibi harusi aliniuliza kando kama lile jina jipya ndilo la mumewe, na hiyo grisi ni kitu gani. Wameoana mpaka leo, na kila wakigombana mmoja wao hutamka "1916" na mwingine hutoka nje kupunga upepo.

Namalizia na lililonileta. Sheria ileile ya 1971 inampa mtu haki ya kwenda mahakamani akivunjiwa ahadi ya ndoa. Ahadi ya mchango haimo, nimeitafuta ukurasa kwa ukurasa. Tuna harusi Katonga, mbalamwezi ijayo, na giza ndilo hili tulilo nalo. Kama jina lako limo kwenye daftari langu, na unajijua, tuma leo usiku kabla mitumbwi haijapandishwa. Na ya kutolea uweke.