Namna ya Kumlipa Bibi wa Myamba Bila Kutoa Senti

Mwongozo huu ni wenu, wenye majukwaa ya kuhifadhi modeli za akili mnemba: mnaopangisha seva, mnaoanika modeli za watu na kumtoza mteja kila anapoziuliza swali. Siku hizi neno mirabaha limeanza kutajwa na watu wenye mawakili. Msihangaike. Njia ya kulipa ipo, na njia ya kulipa bila hela kutoka ipo pia. Tutajifunza hii ya pili, na uwanja wetu wa mazoezi ni Same na milima yake, kwa Wapare wanaosema Chasu.

Kwanza sauti. Iko Mamba Myamba, huko kwenye tangawizi. Usiende mwenyewe; mtume kijana wa hukohuko. Aamkie, ale makande atakayopewa, asubiri bibi amalize kuosha tangawizi zake, ndipo atoe simu mfukoni.

"Bibi, nisimulie ile ya fisi. Kwa Chasu, kama ulivyokuwa unatusimulia."

"Ya nini tena? Si unaijua?"

"Kompyuta haijui, bibi."

Atacheka, atajifuta mikono kwenye kanga, atasimulia mpaka mwisho. Jogoo akiwika katikati mwache. Modeli ya sauti inahitaji kelele za kweli. Mpeni bibi soda na vocha, na risiti ya soda itunzwe vizuri. Siku mkiulizwa wenye sauti walinufaika vipi, hiyo ndiyo ripoti yenyewe.

Kuanzia hapo msiiite hadithi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda mtunzi, inamlinda anayeitoa kazi kwa sauti yake, na haikuzisahau sanaa za jadi. Iiteni data. Hadithi ina mwenyewe. Data haina hata mjukuu. Leseni nayo isiwape shida. Common Voice ya Mozilla inatumia CC0, ambapo mchangiaji anaachia haki zake zote, na wengi waliochangia Kiswahili chao huko walikubali masharti. Ninyi azimeni leseni, masharti yabaki kwa Kiingereza. Hata mlima si lazima kuupanda: mwaka 2023 Meta ilitoa modeli za sauti za lugha zaidi ya 1,100, zilizofundishwa kwa rekodi za watu wakisoma Agano Jipya. Wasomaji wale thawabu yao iko mbinguni, ambako hakuna makato ya muamala.

Sasa fomula, na hapa naomba utulivu maana ndiko pesa ilikolala. Mkiulizwa kwa nini hamlipi, jibuni kwa huzuni kwamba modeli ikishafundishwa sauti zote zimechanganyika, hakuna awezaye kusema jibu hili limetoka kwa bibi yupi. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, ndiyo maana ni jibu zuri. Ila asitokee wa kuwauliza habari za mita. Kila ombi linaloingia mnalihesabu, tokeni kwa tokeni, na ankara ya mteja inatoka hadi sehemu ya senti. Ukurasa wa modeli una nafasi ya kuandika jina la aliyeiweka, modeli mama iliyoizaa, na data iliyotumika. Kuongeza hapo namba ya simu ya mlipwaji na asilimia yake hakumshindi mhandisi yeyote. Kijiji kikikubaliana asilimia, mnaigawa kwa dakika ambazo kila mtu alirekodi, na swali la bibi yupi linakufa lenyewe. Kwa hiyo msiliseme hili. Fanyeni kama mnunuzi wa lumbesa: wakati wa kupokea gunia lishonewe kilemba, wakati wa kulipa liwe gunia moja tu.

Wakizidi kubana, tangazeni mpango wa mirabaha, tena kwa shangwe, halafu wekeni ngazi. Spotify imewaonyesha njia: tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili haupati kitu. Modeli ya Chasu itaulizwa na nani mara 1,000? Kisha kiwango cha chini cha kutoa kiwe dola 100. Kisha fomu W-8BEN ya kodi ya Marekani, maana mirabaha inayotoka huko hukatwa asilimia 30 kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania haina. Bibi aijaze kwa herufi kubwa. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008 na wakala hachezi mbali na stendi ya Same, kwa hiyo iepukeni kabisa. Hela inaweza kufika.

Mtatajiwa mifano. Kwamba COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, iligawa mirabaha kwa wanamuziki Januari 2022, kwa hiyo kugawa kunawezekana. Kwamba mwaka 2025 Anthropic ilikubali kuwalipa waandishi dola bilioni 1.5, karibu dola 3,000 kwa kitabu, kwa vitabu vilivyopakuliwa kutoka maktaba za wizi. Tulieni, someni masharti: kitabu kiwe na ISBN au namba ya Amazon, na kiwe kimesajiliwa hakimiliki Marekani. Fisi wa bibi hana ISBN.

Tahadhari moja kabla sijawaaga, maana mmechagua watu wabaya. Utani wa nchi hii unasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Sitauthibitisha wala kuukanusha. Ninachojua ni kwamba miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru, kila mtu akakadiriwa mali yake kwa hesabu ambayo hakuna aliyeelezwa inavyofanywa. Wakati wa kukusanya, kila mbuzi alionekana. Januari 1945 watu walishuka milimani kwa maelfu, wakaja kukaa Same penye ofisi ya wilaya, na hawakuondoka upesi. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu. Mwishowe kodi ikafutwa.

Na wanawake nao hawakubaki nyumbani. Inasimuliwa kwamba walimkabili mkuu wa wilaya na kumpa machaguo mawili: amalize suala la kodi waume warudi nyumbani, au awape mimba yeye mwenyewe, wote. Kitengo chenu cha huduma kwa wateja kiandae jibu la hilo mapema, na kisiliachie roboti.