Wizara ya Magurudumu Manne
Wapo wanaodai kwamba gari ni mzigo. Hawajafikiri. Mwenye gari Dar es Salaam ni wizara kamili: hulisha fundi, muuza spea wa Kariakoo, mziba pancha, muosha magari na kijana wa maegesho, bila kuitisha kikao wala kuomba wafadhili. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, naye huzingoja kwa unyenyekevu wa mwanafunzi anayengoja matokeo. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, mafuta ya taa yakiwemo. Hivyo mwenye kibatari kijijini naye akapata heshima ya kuchangia gari asilolimiliki. Umoja wa kitaifa ulioje!

Atatokea mbishi aseme daladala ni nafuu. Kweli, lakini daladala hainyanyui elimu. Abiria atajulia wapi tofauti ya bushi na shokapu, au kwamba taa ya injini ikiwaka haizimiki kwa dua? Mwingine atasema foleni ya Ubungo ni ileile kwa wote. Sawa, ila abiria huingoja akiwa amesimama, mwenye gari huingoja akiwa ameilipia. Na gari likigoma kabisa, lisihesabiwe hasara: limefikia ukamilifu. Halinywi mafuta, halipati pancha, halipigwi faini. Linakaa uani juu ya mawe, na kuku wanataga ndani.